Majaketi ya Uzi wa Bluu

Upepo uliwakuta wakicheka.

Walikuwa watatu katika mashua ndogo ya makasia ziwani, kati ya kisiwa cha matete na gati walikotoka: fundi cherehani, binti yake wa miaka mitano ambaye mtaa mzima ulimwita Kijino tangu jino lake la mbele ling'oke, na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha jirani, mkanda unga wa kiwanda cha mikate. Fundi alikuwa amevuta makasia tangu kisiwani na mabega yalishaanza kumwaka moto.

"Hebu nipishe," wifi akasema. "Wewe umezoea kukanyaga cherehani. Mimi nakanda unga wa kulisha nusu ya mji huu."

Wakainuka kubadilishana viti. Matumbo yakagongana katikati, Kijino akapiga kelele za furaha, na hapo hapo, kama kitu kilichojibanza nyuma ya vilima kikisubiri wasimame, upepo ukaja.

Ulikuja na mawimbi mafupi ya kijivu, yaliyofuatana bila kupumua. Mashua ikageuka ubavu. Wifi akaketi kwa kishindo akidaka kasia la kulia. La kushoto likachomoka kwenye chuma chake, likateleza majini taratibu, kama mgeni anayeaga bila kutaka kusindikizwa.

"Lishike!"

"Kwa mkono upi?"

Likawa limeshafika mita tatu, kisha kumi. Na kasia moja halikupeleki popote, linakuzungusha tu. Wimbi moja likalowesha mkate uliobaki, jingine likawafikia kwenye vifundo vya miguu. Fundi akachukua kikapu akaanza kuchota maji kwa pupa, akachota mara nne kabla ya akili kumwambia kwamba kikapu hakichoti kitu. Wifi alikuwa akipiga kasia huku akilia na kuita jina la mama yake. Wimbi lililofuata halikuingia kwenye mashua. Lilipita chini yake, likaiinua upande mmoja, likaipindua.

Maji yalikuwa baridi kuliko yalivyoonekana. Fundi aliibuka akitema, akasikia moyo unapiga masikioni, akamwona Kijino amesukumwa juu na jaketi lake la kujiokolea, macho yamemtoka, mdomo wazi. Akamdaka. Akamvuta hadi kwenye mashua iliyolala kifudifudi. Wifi alikuwa upande wa pili ameikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Kijino yupo?"

"Yupo. Wewe?"

"Mkono umechanwa na hicho chuma. Lakini nipo. Wifi, sijui kuogelea, unajua sijui."

"Huna haja ya kuogelea. Shikilia tu. Tuna majaketi."

Alisema hivyo kwa uhakika wote. Majaketi aliyajua, maana alikuwa ameyashona mwenyewe.

Miezi miwili nyuma mwenye maboti ya kukodisha pale gatini alimpelekea majaketi kumi na mawili yaliyochanika. Mapande meupe ya ndani, mfano wa yale mepesi yanayokuja kwenye boksi la televisheni, yalikuwa yamesagika na kumwagika kama unga. "Jaza kitu chochote chepesi," mwenye maboti alisema, "wewe ndiye fundi." Jirani yake alishona magodoro, na mabaki ya sponji yalijaa uani. Fundi hakuwa mzembe. Alijaza jaketi la kwanza, akalitia kwenye beseni la maji, likaelea kama bata. Akanywa kikombe kizima cha chai akilitazama. Liliendelea kuelea. Basi akashona yote, mshono mara mbili, kwa uzi wa bluu kwa sababu ule wa machungwa ulikuwa umekwisha. Mwenye maboti alifurahi, akamwambia siku yoyote aje na familia yake, mashua ni bure.

Ndiyo maana asubuhi ile, pale gatini, alipekua kwenye misumari hadi akapata mawili yenye uzi wa bluu, moja lake, moja la mwanawe. Wifi alipata jaketi la zamani lililopauka kwa jua, kifungo kimoja hakipo. "Haya," wifi alisema akilikung'uta, "wenye fundi wao wavae mapya, sisi wengine tule makombo."

Sasa mawimbi yaliwapandisha na kuwashusha. Gati ilionekana kila walipopandishwa, mstari mdogo mweupe, na kila mara ilikuwa imesogea mbali zaidi.

"Tuelekee gatini," wifi akasema.

"Hatuwezi. Upepo unatutoa huko." Fundi aligeuza shingo. "Unatupeleka kwenye yale matete ya ng'ambo. Tuiache itupeleke. Usiiachie mashua, hata ukiona umefika karibu, usiiachie."

"Nitaiachia niende wapi mie?"

Akazunguka kwenda kwa wifi yake, mkono mmoja kwenye mashua, mwingine kwa mtoto. Kiganja cha wifi kilikuwa kimepasuka kuanzia kidole cha shahada hadi kwenye kifundo, damu ikitoka na kupotea majini. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga kwa meno na mkono mmoja.

"Kaza," wifi akasema. Kisha, "Si hivyo, mwanamke! Unafunga gunia?"

Kijino akacheka kidogo, meno yakigongana. Fundi akapumua. Maadam mtoto anacheka, alijiambia, mambo si mabaya sana.

Lakini muda kidogo baadaye aliona kitu. Mtoto alikuwa akielea mpaka kwapani. Sasa maji yalikuwa mabegani. Ni mawimbi, alijiambia. Akamvuta juu. Mtoto alikuwa mzito. Ni nguo zimelowa, alijiambia tena. Akahesabu mawimbi kumi, akatazama: maji yaligusa kidevu.

Akaliminya jaketi kifuani kwa mtoto. Maji yakabubujika katikati ya vidole vyake kama yanavyotoka kwenye sponji ya kuoshea vyombo. Alipoachia, jaketi likavimba polepole na kuyanywa tena.

Akaminya la kwake. Vivyo hivyo.

Aibu ina nguvu zake. Ilimzuia kwa muda wa mawimbi mawili, na katika muda huo aliwaza mambo ya kipumbavu: beseni, kikombe cha chai, angalau kingekuwa vikombe viwili. Wimbi la tatu likamfunika Kijino uso. Mtoto akaibuka akikohoa, "Mama, linanivuta."

Fundi akaanza kufungua vifungo vya jaketi la mwanawe.

"We!" wifi akafoka. "Unamvua mtoto jaketi? Umechanganyikiwa?"

"Ni sponji, wifi."

"Nini?"

"Ndani nimejaza sponji ya godoro. Inakunywa maji. Haimfanyi aelee, inamzamisha. Ni mimi niliyelijaza."

Wifi akamtazama. Maji yalimtiririka usoni na hakuna aliyeweza kujua yapi ni ya ziwa. Alikuwa na haki ya kusema lolote duniani. Upepo ulivuma, mashua ikapanda, ikashuka.

"Na hili langu?" hatimaye akauliza.

Fundi akanyoosha mkono, akaliminya lile jaketi lililopauka. Lilikuwa gumu. Halikutoa hata tone.

"Lako ni zima."

"Makombo, eh?" wifi akasema, na tayari mkono wake mzima ulikuwa unahangaika na kifungo. "Nisaidie nivue."

"Wifi, hujui kuogelea."

"Najua sijui, usinikumbushe! Vua. Nina mafuta ya kutosha, mafuta hayazami, umewahi kuona mafuta yakizama? Vua kabla sijaogopa."

Kuvua na kuvisha katika maji yale kulichukua muda ambao Fundi hakuusahau tena maishani. Kulikuwa na kitambo, labda cha pumzi tatu, ambacho Kijino hakuwa na chochote isipokuwa mkono wa mama yake shingoni. Jaketi la wifi lilikuwa kubwa kupita kiasi, na palipokosekana kifungo Fundi alipitisha mkanda wa gauni lake, akauzungusha mara mbili chini ya makwapa ya mtoto, akafunga fundo la kikazi. Kijino akapanda juu ya maji kama kizibo. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu.

Akabaki wifi, ambaye mikono yake ilikuwa inateleza.

Karibu nao, ukisukumwa na upepo ule ule, mzigo wao ulielea: chupa mbili kubwa za juisi walizomaliza kisiwani, na dumu la lita tano la maji ya kunywa. Fundi alijua kuogelea kwa kubahatisha, kiasi cha kutoka hapa hadi pale. Akavua jaketi lake, akalitupia juu ya mashua, akavuta pumzi, akaenda kutoka hapa hadi pale. Alirudi na dumu na chupa moja. Ya pili ilimkimbia. Maji ya kunywa akayamwaga ziwani, akafunga kizibo kwa nguvu.

Kisha akaanza kufumua jaketi alilolishona mwenyewe, apate mfuko. Alikuwa akijisifu kwa wateja kwamba mshono wake haufumuki. Haukufumuka. Akauma uzi wa bluu kwa meno, ukamchana fizi. Akausugua kwenye kile chuma cha kasia kilichomkata wifi, akiukwaruza mbele na nyuma, akilia kwa hasira na kujitukana mwenyewe na ubora wa kazi yake.

"Ungeshona vibaya siku moja tu," wifi akasema, meno yakigongana. "Siku moja tu, wifi yangu."

Uzi ukakatika. Akaingiza vidole, akachana, akanyofoa sponji vipande vipande na kuvitupa. Mahali pake akasukuma dumu mbele, chupa nyuma, akamvisha wifi na kukaza mikanda mpaka wifi akalalamika. Likakaa kifuani pake kama tumbo la pili. Lakini alielea. Kichwa na mabega yalikaa juu ya maji, na kwa mara ya kwanza tangu mashua ipinduke alilegeza vidole.

Fundi mwenyewe hakubaki na kitu ila mashua. Akaweka kidevu juu yake, mkono mmoja kwenye ule mkanda wa gauni. Baridi ilipanda kutoka miguuni. Ilipofika kiunoni aliacha kuisikia, na hilo likamtisha zaidi.

"Mama, nataka kulala."

"Hakuna kulala. Hesabu mpaka ishirini."

Kijino akahesabu, akaruka kumi na sita kama kawaida yake. Shangazi yake akamkosoa, wakabishana, akaanza upya. Walihesabu mara nyingi sana. Jua lilikuwa bado juu ya vilima, linang'aa bila joto, na Fundi aliwaza jinsi jambo baya linavyoweza kutokea mchana kweupe, mahali pazuri ambapo watu huja kupumzika.

Matete yaliwapokea kwa kuwachapa usoni. Mashua ikakwama. Wifi akateremsha miguu, akagusa chini, akapiga yowe la furaha, na tope likammeza hadi mapajani.

"Usisimame! Lala kifudifudi. Jitandaze."

"Nijitandaze kwenye tope?"

"Kama chapati. Jitandaze!"

Wakatambaa. Fundi alikunja matete mbele yake, akayalaza kama mkeka, akamsukuma mtoto juu yake, akakunja mengine. Majani yalikata kama wembe. Nyuma yake wifi alikuwa anahema na kuguna, dumu likigonga tope kwa kila hatua.

"Nimezaliwa upya," alisikika akisema, "na safari hii nimekuja kama kenge."

Ardhi ngumu ilipofika, Fundi alimvua Kijino nguo zote, akamlaza kifuani pake, ngozi kwa ngozi, na wifi akawakumbatia wote wawili kutoka nyuma. Wakakaa hivyo wakitetemeka hadi mtoto alipolalamika kwamba anabanwa. Halafu wakafuata bomba nene lililotoka ziwani, maana bomba lina mwenyewe, na baada ya mwendo kidogo wakafika kwenye nyumba ya pampu ya maji.

Mhudumu wa pampu, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alifungua mlango, akawatazama kuanzia tope la kichwani hadi miguuni. Alileta koti, sweta na gunia safi, akawakalisha karibu na injini iliyokuwa ikitoa joto. Kijino akawekwa kwenye mapaja ya shangazi yake. Rangi ikaanza kumrudia mdomoni.

Hapo ndipo Fundi alipotazama nje kupitia mlango. Ziwa lilikuwa limetulia. Halikuwa na hata mkunjo. Na kule gatini asubuhi walikuwa wameacha basi zima la wafanyakazi wa kiwanda na watoto wao, waliosema wanangoja jua lipungue ndipo watoke na maboti.

Kumi. Kumi bado yalikuwa kwenye misumari.

"Una simu, kaka yangu?"

"Ninayo. Unampigia nani?"

Namba ya mwenye maboti ilikuwa kwenye simu ya Fundi, na simu hiyo ilikuwa chini ya ziwa. "Pikipiki ile nje ni yako?"

Mhudumu akaitikia kwa kichwa. Fundi akamtazama mwanawe. Miguu yake haikutaka kuondoka. Kila kiungo kilimwambia: wa kwako ameokoka, kaa naye.

"Nenda," wifi akasema bila kuinua macho. "Huyu ni damu ya kaka yangu. Hatoki kwenye mapaja haya."

Barabara ya kuzunguka ziwa ilikuwa ndefu. Fundi alishika kiuno cha mtu asiyemjua, peku, akiwa na koti la mwanamume, akitazama maji kila mti ulipoachia nafasi. Aliona boti moja la kukanyaga, la manjano, karibu na ufukwe. Kisha miti ikaziba.

Gatini watu walikuwa wamepanga mstari. Mama mmoja alikuwa akimfungia mwanawe jaketi, na kwenye mshono wa bega, hata kwa mbali, Fundi aliuona uzi wa bluu.

"Vueni!" Sauti ilitoka imepasuka. "Vueni hayo majaketi!"

Mwenye maboti alikuja mbio, amefurahi na kuogopa kwa pamoja. "Fundi! Mungu mkubwa, mko hai, nimetuma watu..." Kisha akalisikia alilokuwa analisema Fundi, akamshika kiwiko, akashusha sauti. "Tuzungumze pembeni, dada yangu. Pembeni. Usinivunjie kazi mbele za watu."

"Wewe uliniambia nijaze kitu chepesi, na mimi nikajaza sponji. Makosa yetu sote wawili. Tukienda pembeni, hawa watapanda boti."

Mwenye maboti akawatazama wale watoto kwenye mstari. Mkono wake ukaachia kiwiko.

Fundi akawageukia watu. Hakuwa mtu wa kuhutubia. Hata kwenye shule ya jioni ya watu wazima aliyosoma alikaa kiti cha nyuma. Akachukua jaketi moja la uzi wa bluu msumarini, akapiga magoti ukingoni, akalizamisha, akalikandamiza kwa mikono yote miwili hadi mapovu yakaisha. Kisha akajaribu kuliinua kwa mkono mmoja. Hakuweza. Akaliinua kwa miwili, maji yakimwagika kama ndoo iliyotoboka.

"Mwanangu alikuwa amevaa kama hili," akasema. "Niliyashona mimi. Yenye uzi wa bluu, vueni, nipeni."

Yule mama alikuwa ameshamvua mwanawe. Alilirusha jaketi miguuni kwa Fundi, akamtazama kwa macho ambayo hayakuwa na shukrani wala huruma, akamvuta mtoto na kwenda zake. Wengine wakafuata. Mwenye maboti mwenyewe akaanza kuyakusanya kimya kimya, akikagua mishono kwenye mwanga. Fundi akahesabu. Tisa.

"Kumi. Yalikuwa kumi. La kumi liko wapi?"

Watu wakatazamana. Fundi akageukia maji, kwenye lile boti la manjano, akaanza kukimbia kwenye mbao za gati huku akipunga mikono na kupiga kelele. Ndani ya boti mzee na mkewe wakamtazama kwa mshangao. Wakakanyaga kurudi polepole, polepole mno. Walipogusa gati mzee akainuka, na pale alipokuwa ameketi, limebonyezwa kama mto wa kochi, palikuwa na jaketi lenye uzi wa bluu.

"Kiti kilikuwa kigumu," mzee akajitetea.

Fundi akalichukua, akaketi hapo hapo kwenye mbao.

Alikuwa bado amekaa pikipiki iliporudi kwa mara ya pili. Wifi aliteremka kwa shida, Kijino mgongoni amelala ndani ya lile sweta kubwa, mkono wa shangazi yake bado umefungwa kile kitambaa. Aliwatazama watu waliojitenga wakinong'ona, akalitazama lundo la majaketi yaliyolowa. Akashusha makalio kwenye mbao kando ya wifi yake, kwa kuguna, akamhamishia mtoto mapajani.

Mtoto alikuwa na joto. Fundi akaweka pua kwenye nywele zake zenye tope.

"Yote?" wifi akauliza.

"Yote."

Fundi alikuwa na swali ambalo lilimkaa kifuani tangu majini, na sasa halikuwa na pa kujificha.

"Wifi. Utamwambia kaka yako?"

Wifi alikikunja na kukikunjua kile kiganja kilichochanika.

"Utamwambia wewe," akasema. "Lote, tangu lile beseni. Mimi nitakaa pembeni yako mpaka umalize."